Shimba kwa Miguu

Watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba safari ya milimani, ile ya siku nyingi, ya kujitwika shanta mgongoni na kulala hemani, ni jambo la Kilimanjaro, la Kirinyaga na la Ruwenzori, wala halituhusu sisi tukaao penye minazi na mchanga. Na kijana wa Ukunda ambaye kila uchao huwapeleka wageni Kisite kutazama pomboo, ukimwuliza kama amewahi kufika katika maporomoko ya maji yaliyo nyuma ya kijiji chao, mwendo wa gari usiokuwa mrefu, aghalabu atakujibu kwamba ameyasikia tu. Simlaumu. Ufuko wa Diani una nguvu ya kumfanya mtu asigeuze uso, na biashara yote ya pwani ya kusini imejengwa kwa kuielekea bahari na kuupa bara mgongo.

Milima ya Shimba si mirefu. Kilele chake hakizidi mita 450 hivi, na mpandaji aliyezoea theluji huenda akacheka kusikia mahali hapo pakiitwa milimani; ila urefu si mizani pekee ya mlima. Pale uwanda wa pwani unapokoma, ardhi huinuka ghafula ikawa ukuta wa mawe ya mchanga, na juu ya ukuta huo ikatanda nchi pana ya nyasi na misitu, ambayo pepo za kusi, zikija zimesheheni unyevu wa Bahari ya Hindi, huikuta kabla ya kukuta kizuizi kingine chochote, zikalazimika kupanda, zikapoa, zikamwaga mvua na ukungu ambao walioko chini hawaupati kwa kadiri hiyo. Kutokana na rehema hiyo huzaliwa mito: Mkurumudzi na Kidogoweni iteremkayo hadi Ghuba ya Gasi, Mwachema uingiao baharini karibu na Msikiti wa kale wa Kongo baina ya Tiwi na Diani, na Mto Pemba upitao Mwaluganje katika nchi iliyo kavu zaidi, upande wa Waduruma.

Basi njia ninayoisimulia katika sura hii huanzia chini, penye maji ya chumvi, ikafuata maji matamu kwenda juu hadi yanakotoka. Ni safari ya siku nne hivi kwa mtu asiye na pupa: Kinondo, Gasi, vijiji vya bonde la Mkurumudzi, Mwele, hifadhi ya Shimba na maporomoko yake, Marere, kisha kuteremka Mwaluganje. Anayetaka kuona kwa haraka atapanda gari asubuhi na kurudi hotelini kabla ya chakula cha jioni, wala hatakuwa amekosea njia; lakini atakuwa ameona vipande, na jambo lenyewe la pwani ya kusini limo katika maungio ya vipande hivyo. Wala kwenda kwa miguu huku si uzushi wa leo. Krapf, mmisionari wa Rabai, alipokwenda Usambara mwaka 1848 kuonana na Mfalme Kimweri huko Vuga, alikata nchi ya Wadigo kwa miguu yake, na kabla yake na baada yake wapagazi na wachuuzi wasiotajwa katika kitabu chochote walipita mapito hayo hayo.

Kinondo ndipo mahali pa kuanzia, kwa sababu hapo msafiri hufundishwa adabu ya msitu mapema. Kaya Kinondo ni msitu mdogo ulio hatua chache kutoka hotelini, nao ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni haingii alivyo. Huvuliwa kofia, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, akaambiwa asichume jani, asiokote kijiti, asiwe na mzaha wa mapenzi humo ndani, na atakachokuta atakiacha. Mzee aliyetutangulia, baada ya kumkaza mwenzangu fundo la kaniki kwa namna ambavyo mama humkaza mtoto siku ya Idi, alisema, “Haya, wanangu, sasa nyinyi ni watu wa hapa; mwende kwa heshima,” kisha akatupitisha chini ya miti ambayo mizizi yake imekumbatia matumbawe ya kale, maana msitu wote umesimama juu ya jiwe lililokuwa zamani kitanda cha bahari. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wapo mashekhe wasioridhika na mambo ya kaya. Hata hivyo msitu umebaki, ilhali kila uwanja usiokuwa na mzee wa kuulinda katika mwambao ule umekwisha kuwa kiwanja chenye hati.

Kutoka hapo kwenda Gasi ni njia ya pwani, ukikipita Kisiwa cha Chale upande wa kushoto, nami sina mengi ya kuisema zaidi ya kwamba jua lake ni kali na mchanga wake huchosha goti, kwa hiyo heri kuondoka alfajiri maji yakiwa yametoka. Gasi yenyewe ni kijiji kilichotulia kati ya minazi, lakini ghuba yake imetiwa mikoko mizuri sana, na mtu apitapo juu ya daraja la mbao ambalo akina mama wa Gasi wamelitandaza katikati ya mikoko hiyo huwaona kaa wadogo wekundu wakikimbilia mashimoni, na huyaona pia maji ya rangi mbili, ya mto na ya bahari, yakivutana kabla ya kuchanganyika. Hapa mwaka 2013 watu wa Gasi na Makongeni waliingia katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, ambao hulinda eneo la hekta 117 hivi na kuuza nje haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo na tope lake, kisha fedha zikatumika kwa maji ya kijiji na shule. Nimetaja hili kwa sababu moja: mikoko haiishi kwa chumvi peke yake. Huhitaji maji matamu na udongo unaoletwa na Mkurumudzi na Kidogoweni, na mito hiyo inatoka katika misitu ya juu. Kwa hiyo akina mama wa Gasi, wauzao hewa kwa Wazungu, wana shirika na kila mti uliosimama Shimba hata kama hawajawahi kuukanyagia kivuli.

Siku ya pili hugeuzia bahari mgongo. Njia huvuka lami ya Lunga Lunga, ikaingia katika mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na mtu hupanda polepole bila kujua kwamba anapanda mpaka atakapogeuka nyuma akaiona bahari chini. Katika eneo hili, upande wa Nguluku na Maumba, ndipo kampuni ya Base Titanium ilipochimba madini ya titani katika vilima vya mchanga mwekundu tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024, na Mkurumudzi ukazuiwa kwa bwawa ili maji yake yaoshe mchanga. Machimbo yamefungwa, ardhi inafukiwa na kupandwa upya, na mabishano juu ya nani alifaidi yangali yakisikika barazani. Mimi si mhandisi wala mwanasheria, lakini kwa mtu aendaye kwa miguu jambo moja ni dhahiri: mto huo huo mmoja umetakiwa kunywesha mashamba ya miwa, kuosha madini, kunywesha vijiji na kulisha mikoko, nao ni mto ambao wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila kulowesha kaptura.

Juu zaidi ni nchi ya makazi, Majimboni na Mangawani na vijiji vyake, ambako Wakamba waliohamishiwa huku katika mipango ya makazi ya karne iliyopita wamechanganyikana na Wadigo na Waduruma, na ambako mgeni huulizwa kwanza ametoka wapi kabla hajaulizwa anakwenda wapi. Chakula cha jioni ni wari, yaani sima ya mahindi, pamoja na mchunga uliotiwa tui zito la nazi, mboga ambayo uchungu wake huwashinda wengi kwa tonge la kwanza na kuwatia uraibu kwa tonge la tatu. Mwenye nyumba aliyetupa kiwanja cha kupigia hema alituonya kwa upole tusiweke ndizi hemani. “Ndovu ana pua, wanangu,” alisema, “na ua wa umeme ni ua kwa ndovu mwenye haya.” Hatukuweka ndizi.

Sasa naifikia Mwele, na hapa sharti nikae kidogo, maana ni mahali ambapo tarehe ya nchi nzima ilipinda, na bado wapitao hawaonyeshwi hata jiwe.

Jamaa wa Mazrui waliitawala Mombasa kwa zaidi ya karne moja, mpaka mwaka 1837 ambapo Seyyid Said wa Unguja na Maskati aliwang'oa, akawakamata wakubwa wao na kuwasafirisha kwenda kufungwa katika Ghuba ya Uajemi, nao waliosalia wakagawanyika, wengine wakashika Takaungu upande wa kaskazini, wengine wakashika Gasi upande wa kusini. Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui, alikulia Gasi na kidonda hicho. Kwa miaka mingi aligombana na masultani wa Unguja, akatii alipobanwa, akaasi alipopata nafasi, na siri ya uhai wake haikuwa ngome ya mawe mithili ya ile ya Mombasa, bali boma la miti ndani ya msitu mnene wa Mwele, huku milimani, ambako mzinga haupiti, farasi haendi, na askari wa pwani hufika akiwa hoi kwa homa. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa majeshi yake, akaizingira Mwele mpaka ikaanguka. Lakini ndani alipoingia, Mbaruk alikwisha toweka msituni.

Miaka kumi na mitatu baadaye mambo yalikuja kwa sura nyingine. Shekhe wa Takaungu alifariki mwanzoni mwa mwaka 1895, Waingereza wakamkalisha kitini mtu waliyemtaka wao, na yule aliyenyimwa haki yake alipoasi kisha akashindwa, alikimbilia kwa jamaa yake wa Gasi. Mbaruk alikuwa mzee wakati huo. Angeweza kumtoa mkimbizi na kuendelea kuishi kwa posho na heshima, hakumtoa. Tarehe 1 Julai mwaka ule Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi yote, na mwezi wa Agosti Admirali Rawson alitelemsha mabaharia na askari wake, wakapanda milima hii kwa miguu wakiwa na wapagazi mamia, na tarehe 17 wakaitwaa Mwele. Mathews, ambaye sasa alirudi mahali alipopigana ujanani, alijeruhiwa hapo. Rawson huyu ndiye aliyeipiga Unguja kwa mizinga mwaka uliofuata, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, na ndiye aliyeiteketeza Benin mwaka 1897. Nishani waliyopewa askari wake ilichongwa ukingoni jina la Mwele, hivyo katika makabati ya wakusanyaji vitu vya kale huko Uingereza neno hilo linasomeka hata leo, ilhali katika shule zilizo chini ya mlima wenyewe mwalimu hutaja vita vya Mazrui kwa sentensi mbili akapita.

Mbaruk hakukamatwa. Alipigana miezi mingine minane kwa mtindo wa kuviziana, mpaka askari wa Kihindi walipoletwa kwa wingi, na mwezi wa Aprili 1896 akavuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wissmann, gavana wa Wadachi, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Mtu anaweza kumhukumu Mbaruk kwa mengi, maana alikuwa bwana wa watumwa na mvunjaji wa ahadi, wala Wadigo hawakumpenda wote. Lakini mtu akisimama Mwele akiwa amekuja kwa miguu kutoka Gasi, shanta ikimkata mabega, ataelewa jambo ambalo ramani haimwelezi: kwa nini dola kubwa ya dunia ilihitaji manowari ili kupigana na mzee mmoja mahali ambapo manowari haifiki. Ni mteremko, ni miiba, ni mianzi ya mto iliyojificha. Msitu ulikuwa nusu ya jeshi lake.

Kutoka huko njia huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Shimba, na uhuru wa msafiri hupungua, kwani ndani ya hifadhi hairuhusiwi kwenda kwa miguu ila kwa kuandamana na askari wa Shirika la Wanyamapori mwenye bunduki. Msitu huu uliwekwa chini ya himaya ya serikali tangu mwaka 1903, na mwaka 1968 ukatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na miongoni mwa sababu kubwa alikuwa palahala. Mnyama huyo, ambaye dume lake hung'aa kwa weusi, tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopindwa nyuma, yuko Tanzania na nchi za kusini kwa wingi. Kenya nzima yuko hapa Shimba tu. Tuliwaona asubuhi, kundi dogo lililosimama nyasini ukungu ukiwafikia magotini, na dume hakukimbia, alitutazama kwa muda wa mtu anayesoma barua, akatugeuzia ubavu.

Askari aliyetuongoza hakuwa msemaji. Kila baada ya hatua mia hivi aliinama, akaokota gao la mchanga mkavu, akauachia utiririke kati ya vidole polepole ili ajue upepo unaelekea wapi, kisha akaamua kushoto au kulia. Alipokuta mavi ya ndovu aliyabomoa kwa ncha ya kiatu, akaweka kiganja juu yake, akasema tu, “Ya jana,” tukaendelea. Na mara nyingine akasema, “Ya sasa hivi,” tukasimama, mpaka aliposikia tawi likivunjika mbali upande wa chini. Ndani ya mavi hayo mlikuwa na kokwa za mvumo, kubwa kuliko ngumi, na katika mojawapo chipukizi jeupe lilikwisha jitokeza: ndovu ndiye mkulima wa mivumo hii, huila tunda penye bonde na kuipanda mbegu penye mlima, na bila yeye mtu asingeona mivumo ilivyotawanyika katika mabonde ya Shimba.

Maporomoko yenyewe huitwa kwa jina la David Sheldrick, aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki, mtu ambaye sifa yake yote ni ya nyika kavu; na si mara ya kwanza maji ya Waafrika kupewa jina la mtu wa mahali pengine. Huteremkwa kwa miguu kutoka Kilima cha Ndovu, mwendo wa kilomita mbili hivi, kwanza katika nyasi zilizo wazi, halafu ghafula katika msitu ambamo hewa hubadilika kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. Sauti hutangulia. Kisha maji yaonekana yakianguka zaidi ya mita 20 juu ya jiwe jeusi, si mengi kwa upana, lakini yaanguka moja kwa moja pasipo kugusa, na chini yake pana kidimbwi cha kuogea chenye maji ya baridi yasiyosadikika kwa mtu wa Diani. Majani ya mikangaga yaliyo pembeni hayakauki hata siku moja, kwa kuwa upepo wa maji huyarashia usiku na mchana. Wageni huoga, hupiga picha, hula mkate wao na kuondoka. Nasi tulikaa mpaka askari alipotukumbusha kwamba kupanda kunangoja, na kwamba ndovu huja kunywa jioni.

Ndege wa msitu huu wanastahili sura yao wenyewe, nami sitawaandikia ila nitamtaja hondohondo, ambaye mbawa zake hupiga hewa kwa kishindo mtu akadhani kuna mashine yapita juu ya miti, na kuwakumbusha wapenzi wa ndege kwamba kuna kubwiro wa kichwa kijani ambaye kwa Kenya haonekani kwingine ila hapa. Mbega weusi wenye mabega meupe wako pia, wale wale wa Diani wanaovushwa barabara kwa madaraja ya kamba. Ila huku hawahitaji daraja.

Marere haina uzuri wa kupigia picha. Ni chemchemi, mabirika na mabomba, na mtu asiye na habari angepita bila kugeuka. Lakini kwa miaka mingi, kabla ya maji ya Mzima kufikishwa Mombasa katika miaka ya 1950, sehemu kubwa ya maji matamu ya mji ule yalitoka hapa, na hadi sasa bomba la Marere halijakauka. Wapo watu Mombasa ambao babu zao walitawadha kwa maji ya Shimba kila alfajiri ya maisha yao, nao hawajui Shimba iko upande gani. Wahenga wa serikali ya kikoloni, kwa yote waliyoyakosea, walielewa kwamba chemchemi hailindwi kwa kuizungushia ukuta chemchemi, bali kwa kuuacha msitu ulio juu yake. Na hesabu hiyo haijabadilika.

Njia ya mwisho hushuka kaskazini kwenda Mwaluganje, na hapo nchi hukauka, mibuyu hurejea, na mteremko hujaa mitapo, miti ya zama za kale inayodhaniwa na wengi kuwa minazi mifupi mpaka waguse majani yake makali na kuona tunda lake kubwa limekaa katikati ya kichwa. Mwaluganje ni ardhi ya wakulima. Katika miaka ya 1990 wenye mashamba hayo, Wadigo na Waduruma, walichoshwa na ndovu waliokuwa wakipita baina ya Shimba na msitu wa Mwaluganje na kula mahindi yao njiani, wakakubaliana kuyaacha mashamba, wakayaunganisha, na mwaka 1995 wakafungua hifadhi iliyo mali yao wenyewe, kila mmoja akiwa na hisa kwa kadiri ya shamba alilotoa, ada za langoni zikigawanywa. Sijui mfano mwingine wa ukarimu wa hesabu namna hiyo. Vijana na akina mama wakabuni hata karatasi ya mavi ya ndovu: hukaushwa, huoshwa, huchemshwa mpaka nyuzi zilainike, hutwangwa pamoja na karatasi zilizotumika, kisha uji huo hutandazwa juu ya wavu wa fremu na kuanikwa, ikatoka karatasi nene ya rangi ya mchanga isiyo na harufu yoyote.

Nisimdanganye msomaji lakini. Ukarimu huo umejaribiwa sana. Ndovu walizidi kuliko msitu uwezavyo kuwalisha, hata mwaka 2005 ikabidi Shirika la Wanyamapori liwahamishe ndovu wapatao 150 kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki kwa malori. Ukame huja, watalii hupungua kila pwani inapopata habari mbaya, na mgao wa mwisho wa mwaka huwa mdogo kuliko gunia za mahindi ambazo shamba lingetoa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa roho ya mtu aliyeuawa na mnyama, nayo ni sheria nzuri karatasini, ila wajane wanaoingoja hawali karatasi. Mwenye hisa mmoja tuliyekaa naye chini ya mkwaju alituambia kwamba hajutii. Alisema tu kwamba angependa watu wa hotelini, wanaoyauza maji haya na misitu hii katika picha zao, wapande siku moja waje kumwona anayeitunza. Nilitafuta jibu la kumpa, sikulipata, nami naona hana deni la hoja.

Anayetaka kuifanya safari hii azingatie machache. Miezi ya Januari na Februari ni mikavu na njia ni nyepesi, ila maporomoko huwa membamba. Mwezi wa Julai na Agosti, baada ya masika, maji ni mengi na baridi ya usiku huhitaji blanketi ya kweli. Avae nguo za rangi ya majani makavu, si buluu wala nyeusi, kwani mbung'o wa Shimba huzipenda rangi hizo mbili kupita kiasi. Achomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe na siafu. Asilale mahali pasipo idhini, ama ya lango la hifadhi, ama ya mwenye shamba, ama ya wazee wa kaya. Na kiongozi wa kila kijiji alipwe katika kijiji chake, papo hapo, bila kupitia mkono wa tatu.

Na walimu wa Ukunda, wa Msambweni na wa Lunga Lunga wasomao haya, ambao kila mwaka hukodi basi la kuwapeleka wanafunzi Nairobi kutazama majumba, nawasihi wafikirie mwaka mmoja kuwapandisha Shimba badala yake, na kuwasimulia Mwele wakiwa wamesimama Mwele. Gharama haifiki nusu. Matatu za Likoni hupindia Kombani na kufika Kwale kutwa, na lango kuu la hifadhi haliko mbali na mji.